Kengele ya moto ya jengo lako imechoka? Namna ya kujua kama ni ya kutengeneza au ni ya kubadilisha

Kuna jengo moja hapa Kampala, mjini kati, ghorofa tano, niliitwa kuangalia taa za korido tu, basi nikapita pale mapokezi nikaona paneli ya kengele ya moto (lile sanduku la taa na vitufe linaloendesha mfumo wote) imebandikwa tepu nyeusi juu ya kitundu cha buza. Nikamuuliza askari, mzee, hii tepu ni ya nini? Akanijibu bila wasiwasi, "Fundi, hiyo kitu inalia mchana na usiku, ilikuwa inatunyima raha." Taa ya njano inawaka. Nikaomba ufunguo nikafungua, ndani betri mbili zimevimba kama mandazi. Na mwenye jengo, Hajji mmoja mtu mwema kabisa, yeye akilini mwake ana kengele ya moto, kwa sababu aliilipia na vidude vyeupe anaviona kwenye dari kila akipita.

Watu wengi wananiuliza mfumo wa moto unakaa miaka mingapi ndo ubadilishwe, wanataka niwape namba wakaandike kwenye bajeti. Namba zipo na nitazitaja, lakini mimi huwa naanza na swali lingine: ikilia sasa hivi, watu wa hapa watafanya nini? Kama jibu ni kwamba askari ataibonyeza inyamaze halafu aendelee na chai yake, hapo huna kengele, hata kama paneli ina mwaka mmoja. Na ziko paneli za miaka 15 ambazo ukibadilisha betri na sensa kumi (vile vidude vyeupe vya dari vinavyohisi moshi au joto) zinaendelea vizuri tu.

Shida ni kwamba mwenye jengo anabaki katikati ya mafundi wa aina mbili. Mmoja kila akija anasema ng'oa yote weka mpya, mwingine kila akija anasema ni betri tu bosi. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, ila wewe utajuaje? Ndo maana naandika hii. Hatua zote nitakazosema unaweza kuzifanya wewe mwenyewe au msimamizi wa jengo, isipokuwa mahali nitakaposema acha, ita fundi. Vipimo nitakavyotaja vimetoka kwenye kanuni ya Uingereza, BS 5839 sehemu ya 1, ambayo ndo sisi wengi tumejifunzia kazi.

Anza kwa kusimama mbele ya paneli

Nenda mwenyewe, usitume mtu. Kijani ni umeme upo. Nyekundu ni moto. Njano ni hitilafu, au kuna sehemu imezimwa makusudi, na hii ya pili ndo inasahaulika sana, wapaka rangi wanakuja ghorofa ya tatu, mtu anazima zoni ya huko ili vumbi lisilete kelele, wapaka rangi wanaondoka, zoni inabaki imezimwa mpaka Krismasi ya mwaka unaofuata.

Piga picha ya kioo na taa zote. Kama paneli ina saa, iangalie, ikikuonyesha mwaka wa 2000 au tarehe ya ajabu ujue iliwahi kuzimika kabisa, umeme na betri vyote viwili, na hakuna aliyejali kuirekebisha. Kisha omba daftari la kengele. Hapa ndo utapata majibu ya haraka kuliko mahali pengine popote. Daftari lipo? Mara ya mwisho kuandikwa ni lini? Kanuni inataka kengele ijaribiwe kila wiki kwa kubonyeza kiboksi kimoja chekundu ukutani, wiki hii kimoja wiki ijayo kingine, na fundi aje angalau kila miezi sita. Kama daftari halipo usipate hasira, wengi hawana, nunua leo kaunta buku uanze ukurasa wa kwanza.

Umri sasa. Sensa ya moshi unaizungusha kidogo inatoka kwenye kikalio chake, geuza nyuma usome tarehe au namba ya kiwandani (mwambie askari kwanza, maana paneli itapiga kelele ya hitilafu). Ukikuta sensa imepita miaka 10 tangu itengenezwe, hiyo ya kubadilisha, hapo sibishani na mtu. Paneli yenyewe haina tarehe ya kufa ya namna hiyo, paneli inakufa siku spea zake zinapokwisha sokoni, hilo nitalirudia.

Ukiona njano ya siku mbili tatu na fundi anajua sababu, hiyo ni matengenezo. Njano ya miezi ambayo hakuna anayejua ilianza lini, endelea kusoma.

Betri, kitu kidogo kinachoua paneli nyingi

Betri za paneli ni mbili za volti 12 zimeungwa zikatoa 24. Katika nchi ambayo umeme unaweza kukatika mara tatu kwa siku na kila mtu ameshazoea, hizi betri zinafanya kazi ngumu kuliko aliyezitengeneza alivyodhani. Zinaandikwa zitakaa mpaka miaka mitano, lakini hiyo ni kwenye ubaridi wa digrii 20 na kitu. Paneli yako imefungwa kwenye kichumba chini ya ngazi, hakina dirisha, pembeni yake kuna inveta inatoa joto, basi usitegemee miaka mitano. Mimi nazibadilisha ikifika minne, na siku ya kuziweka naandika tarehe juu yake kwa makapeni, fundi atakayekuja baada yangu asianze kubahatisha.

Jaribio ni rahisi. Zima umeme wa paneli kwenye swichi yake, siyo jengo zima, tarehe na saa andika kwenye daftari, halafu acha. Kanuni ya kawaida ni kwamba mfumo uendelee kulinda saa 24 kwa betri peke yake, na baada ya hapo bado uwe na nguvu ya kupiga ving'ora vyote nusu saa. Chagua siku ambayo watu wapo macho na askari ameambiwa. Ikizima baada ya saa mbili umeshapata jibu.

Lakini subiri, usikimbilie kusema betri mbovu. Mara nyingi nakuta betri ni mpya na nzuri ila ni ndogo. Fundi wa kwanza aliweka za ampea-saa 7 wakati jengo lina sensa 40, baadaye zikaongezwa zikafika 90, betri zikabaki zile zile. Hesabu yake iko hivi: chukua umeme ambao mfumo unatumia ukiwa umetulia, zidisha kwa 24, jumlisha umeme wa wakati kengele inalia gawa kwa mbili, halafu jumla yake zidisha kwa 1.25 kwa ajili ya uchakavu. Tuseme umetulia unakula ampea 0.25, ukilia unakula ampea 1. Hapo ni 6 kujumlisha 0.5, ni 6.5, mara 1.25 unapata 8.1 na ushee. Kwa hiyo ile ya 7 haitoshi hata ikiwa imetoka dukani asubuhi hii, unatakiwa kupanda kwenye saizi inayofuata. Muulize fundi wako akuonyeshe hii hesabu kwa jengo lako, kwenye karatasi. Akikwepa kwepa, tafuta mwingine.

Na kama betri sahihi zinakufa kila mwaka, angalia chaja ya paneli. Chaja mbovu kwenye paneli ambayo kadi zake bado zinapatikana, tengeneza. Kwenye paneli ambayo hata jina la kampuni limefutika, hapo anza kuweka hela pembeni.

Jengo lako siyo lile lililowekewa kengele

Hapa ndo nataka tukae kidogo, kwa sababu majengo mengi hapa mjini hayana kengele mbovu, yana kengele ya jengo lingine. Mfumo ulichorwa kwa ramani ya siku ile. Kisha ukumbi mmoja mkubwa ukagawanywa vibanda kumi na viwili kwa plaiwudi na alumini, kila kibanda na mpangaji wake, na sensa moja iliyokuwa katikati ya ukumbi sasa iko ndani ya kibanda cha mtu anayeuza simu, vibanda vingine kumi na moja havina kitu. Tembea kwenye arkedi yoyote pale karibu na Kikuubo uangalie juu, utajionea.

Chukua ramani ya zamani kama ipo, kama haipo chora mwenyewe kwa mkono, ghorofa kwa ghorofa, weka nukta kila penye sensa. Halafu tembea na mita ya seremala. Sensa ya moshi kwenye dari ya kawaida inahesabiwa kulinda mzunguko wa mita 7.5 kutoka ilipo, ya joto mita 5.3 tu. Patisheni ikifika karibu na dari, ikaacha nafasi isiyozidi sentimita 30, ihesabu kama ukuta kamili, moshi hautapita kwa wakati. Vile viboksi vyekundu, mtu asitembee zaidi ya mita 45 kukifikia kimoja, na kila mlango wa kutokea nje uwe nacho. Usishangae ukikuta kimoja kimefichwa nyuma ya mabunda ya vitenge, mi nimeshakuta nyuma ya friji la soda.

Kibaya kuliko patisheni ni matumizi kubadilika. Ghorofa za juu zilikuwa ofisi, watu wanatoka saa kumi na moja jioni, leo ni hosteli ya wanafunzi, kama zile zilizojaa Kikoni na Wandegeya. Watu wanalala humo. Mtu aliyelala haoni moshi, na harufu yake mara nyingi haimwamshi. Kengele ya ofisi inayotegemea mtu aone moto akabonyeze kiboksi haifai tena hata kidogo, inabidi sensa za moshi ziingie kwenye vyumba na kwenye njia zote za kutokea. Nchi hii tumeshazika watoto kwa moto wa usiku bwenini, Budo Junior Aprili 2008 walikufa watoto karibu 20, na Oktoba 2022 shule ya wasioona ya Salama kule Mukono wakafa watu 11. Kwa hiyo mtu akiniambia ofisi imekuwa hosteli lakini kengele ni ile ile, mi simpimii betri wala nini, namwambia hiyo ni ya kubadilisha. Na huku unabadilisha tazama milango na zile nondo za madirisha, maana king'ora hakifungui kufuli.

Kuna na upande wa pili, jengo ambalo usiku halina mtu kabisa. Jengo kuu la Makerere, lile la mwaka 1941, liliungua usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020, paa likaenda na ofisi zikateketea. Kengele inayolia kwenye jengo tupu lenye geti limefungwa inamlilia nani? Kama jengo lako linalala peke yake, mfumo wako unatakiwa uwe na njia ya kumfikia mtu, ujumbe wa simu kwa watu wawili watatu, au kampuni ya ulinzi yenye mtu macho. Paneli nyingi za zamani unaweza kuziongezea kifaa cha laini ya simu bila kuzing'oa, sasa usikubali kuuziwa paneli mpya kwa sababu hiyo peke yake.

Ukimaliza kutembea, hesabu vyumba visivyo na sensa. Vikiwa vitatu vinne na paneli ina nafasi, unaongeza. Vikiwa robo ya jengo, unakarabati kitu kilichopitwa.

Inalia ovyo: sensa ni mbovu au mmeiweka pabaya?

Rudi kwenye daftari, au kaa na askari wa usiku umuulize kwa upole, asidhani unamtafutia makosa. Mwambie, mzee, nisaidie, hii kitu ililia lini na lini, na wapi? Wanajua kila kitu. Atakwambia ni ile ya karibu na jiko la ghorofa ya pili, kila asubuhi saa moja. Hiyo siyo sensa mbovu ssebo, hiyo ni sensa ya moshi iko mita mbili kutoka kwa mama anayekaanga mayai ya rolex, ile chapati ya mayai. Weka ya joto pale, basi, umemaliza kwa kidude kimoja.

Sensa nyingi za siku hizi zinafanya kazi kwa mwanga. Ndani kuna kichumba cheusi na mwale mdogo, moshi ukiingia unatawanya mwanga, jicho lake linaona. Sasa vumbi nalo linatawanya mwanga. Na wadudu. Kule Entebbe na Port Bell wanajua ninachosema, wale wadudu wadogo wa ziwani wanapita kwenye wavu wa sensa kama hakuna kitu. Nsenene hapana, ni wanene hawapenyi, ila msimu wao ukifika Novemba kuna mtu atawakaanga kwenye sigiri chini ya sensa ya korido, na kengele italia vile vile.

Kabla ya kusema sensa zimekwisha, zisafishwe kwanza. Fundi anazivuta vumbi, anazijaribu moja moja kwa ule moshi wa kopo. Usimruhusu mtu achome gazeti chini ya sensa, masizi yanaingia ndani na hapo umeiua kweli. Baada ya kusafisha subiri miezi mitatu ukiandika kila mlio. Kama milio ya uongo inatoka sehemu moja mbili, hamisha au badilisha aina. Kama inatoka kila mahali bila mpangilio, leo ghorofa ya kwanza kesho ya tano, na sensa ni za miaka kumi na zaidi, usipoteze hela kubadilisha moja moja, badilisha zote.

Hapo hapo kuna tofauti ya paneli. Ya zoni inakwambia tu "zoni 3", na zoni 3 ni ghorofa nzima yenye vyumba 18, askari anagonga mlango mmoja mmoja akitafuta moshi. Baada ya mara ya tano kutafuta hewa hataenda tena, na mimi simlaumu. Ya adresi inaandika chumba namba fulani, anaenda moja kwa moja, anaona ni mvuke wa bafu, anarudi anaandika. Kwenye jengo la vyumba vingi hii ndo sababu ya maana kuliko zote ya kuhama kutoka zoni kwenda adresi. Duka la chumba kimoja na stoo yake halihitaji adresi, msiuziane vitu.

Na kama kwenye kukagua ukakuta sensa za zamani zenye alama ya mionzi, zile zina chembe ya Amerisiamu 241 ndani. Ikiwa juu ya dari haina neno, ila usiipasue, usiwape watoto wachezee, na ukizitoa usizitupe na takataka za jengo, ulizia Baraza la Nishati ya Atomiki namna ya kuzikabidhi.

Inasikika?

Bonyeza kengele, funga milango, tembea. Pakua programu ya kupima sauti kwenye simu, haitakuwa sahihi kama mita ya fundi lakini itakupa picha. Sehemu za kawaida tunataka desibeli 65, au 5 juu ya kelele iliyopo. Penye watu wanaolala ni 75 pale pale kwenye mto, mlango ukiwa umefungwa, na mlango wa kawaida unameza desibeli 20 hivi. Kwa hiyo king'ora kimoja cha korido hakitoshi kwa hosteli, hata kikiwa kinakuziba masikio ukisimama chini yake. Fanya jaribio jenereta ikiwa inawaka, na cherehani za ghorofa ya chini zikiwa zinafanya kazi, siyo Jumapili jengo limenyamaza. Chooni na kwenye stoo watu husahau. Kama una mpangaji asiyesikia, taa za kumweka zinahitajika.

Sauti ikipungua mahali pawili patatu, unaongeza ving'ora baada ya kuhakikisha paneli na betri zinavimudu. Hili peke yake halijawahi kunifanya nibadilishe mfumo mzima.

Spea na waya

Mwambie fundi akupe bei ya vitu vitatu kwa maandishi: kadi kuu ya paneli yako, sensa moja ya moshi ya aina ile ile, na kiboksi chekundu kimoja. Usimwambie ni kwa nini. Akirudi na bei zote tatu, mfumo wako bado unaishi. Akirudi anasema sensa zipo lakini za mtumba, au kadi inaagizwa kwa mtu anayemjua Nairobi ambaye labda anayo, basi ujue mvua moja yenye radi inaweza kukuacha bila kengele kwa miezi. Na radi za hapa kwetu si mnazijua.

Kuna hili la nywila pia. Paneli zingine haziguswi bila programu na nywila ya kampuni iliyofunga, na kampuni ikifunga biashara au ikikupandishia bei huna pa kwenda. Jengo moja nililosimamia tulikaa miezi minne hatuwezi hata kubadilisha jina la chumba kwenye paneli, aliyefunga hapokei simu. Ukinunua mpya uliza kama sensa zake zinakubali paneli za kampuni mbalimbali, kama zile za Apollo au Hochiki, siyo za kukufunga kwa mtu mmoja maisha yako yote.

Waya ndo zinaamua bili yako itakuwa kubwa kiasi gani, na hapa ndo pale niliposema acha, ita fundi. Kipimo cha waya kinatumia volti 500, na kama sensa hazijatolewa kwanza, zote zinaungua kwa sekunde moja. Muulize kabla hajaanza: umetoa vifaa? Anatafuta waya iliyogusa ardhi, waya iliyoliwa na panya, na viungo vilivyosokotwa kwa mkono vikafungwa tepu juu ya silingi. Uliza pia waya ni za aina gani. Nyaya za moto zinatakiwa kuvumilia moto, kwa sababu king'ora lazima kiendelee kulia wakati ghorofa ya chini inaungua. Nimekuta majengo yamefungwa kwa waya nyeupe za taa, hizo zinayeyuka dakika za kwanza, na hapo hakuna mjadala, zinatoka. Waya zikiwa nzuri, habari njema, mara nyingi unaweza kuweka paneli ya adresi kwenye waya zile zile ukaongeza tu njia ya kurudi ili iwe lupu. Lupu ikikatika sehemu moja inaendelea kufanya kazi kutoka pande zote mbili, na lupu moja, kwa mfano ya Apollo XP95, inabeba hadi vifaa 126, kwa hiyo majengo mengi ya ghorofa tano sita lupu moja au mbili zinatosha.

Uamuzi

Mimi nafanya hivi. Betri, vumbi, sensa kadhaa, kiboksi kilichovunjika: tengeneza. Sensa zote zimezeeka lakini paneli ina spea na waya nzima: badilisha sensa tu. Paneli haina spea lakini waya nzima: paneli na sensa kwa pamoja, kwa sababu zinatakiwa kuongea lugha moja. Jengo limebadilika matumizi, au waya ni za taa, au robo ya vyumba haina kitu: chora upya kutoka mwanzo. Na kama milio ya uongo imeshafanya watu wasiinuke kwenye viti hata kengele ikilia dakika tatu, fanya hilo jaribio bila kutangaza uone, basi hata kama vingine vyote viko sawa tafuta mfumo unaoonyesha chumba.

Kabla ya kuomba kotesheni waite polisi wa zimamoto waje wakague, Kurugenzi ya Kinga ya Moto na Uokoaji ya polisi inafanya ukaguzi na kutoa ushauri, na maoni yao yakiwa kwenye karatasi yanakusaidia kumbana muuzaji. Bima nao waulize wanataka nini. Kisha omba kotesheni tatu kwa mchoro mmoja ule ule, ukiacha kila mtu achore wake utakuwa unalinganisha ndizi na mihogo.

Siku za kufunga, sharti langu la kwanza: jengo lisilale bila kengele. Ghorofa moja inahamishwa, inajaribiwa, ndo inafuata nyingine, na mfumo wa zamani unabaki hai mpaka mpya ukamilike. Panapozimwa kwa siku hiyo, mtu anazunguka na tochi kila nusu saa na anasaini. Andika pia kwenye mkataba kengele ikilia nini kingine kitokee, lifti ishuke chini ifungue mlango, milango ya kadi ijiachie, feni za hewa zizime. Hayo yasiposemwa mapema hayatafungwa, na baadaye utauziwa kama kazi mpya.

Usilipe awamu ya mwisho kabla ya kushuhudia kila sensa ikijaribiwa, siyo moja kwa ghorofa, kila moja, na jina linalotokea kwenye paneli lifanane na chumba ulichosimama. Hii inachosha, inachukua siku nzima, mafundi wataanza kukuangalia vibaya saa nane mchana. Wewe kaa na orodha yako uweke tiki. Kwenye kazi yangu ya mwisho sensa tisa zilikuwa na majina yaliyobadilishana, yaani moto wa stoo ungeonekana ni wa ofisi ya mhasibu.

Wakabidhi: michoro, cheti, nywila zote kwenye bahasha iliyofungwa ambayo inakaa kwenye sefu ya mwenye jengo na siyo kwenye simu ya fundi, sensa za akiba walau tano, na mafunzo kwa askari wote wa zamu zote, wa usiku hasa. Bandika ukutani karibu na paneli karatasi moja tu yenye maandishi makubwa, kwa lugha askari anayoisoma, Kiswahili au Luganda: taa nyekundu, soma chumba, nenda uangalie, ukiona moshi toa watu piga 999 au 112, taa ya njano, piga kwa msimamizi, namba hii hapa. Yule askari wa tepu nyeusi bado yuko pale kwa Hajji, tulipomaliza kufunga ndo yeye tuliyempa daftari, na Jumatatu saa nne asubuhi ndo yeye anabonyeza kiboksi cha wiki. Wapangaji wanamlalamikia yeye sasa.